Ramani za meli za enzi ya ukoloni: Zinapatikana wapi, na fundi wa Mbalizi azisome vipi?

MJI mdogo wa Mbalizi, ulio kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, magharibi ya jiji la Mbeya, hauna bandari wala gati. Lakini una maseremala, una mbao za misindano zitokazo katika mashamba ya miti ya Kawetire na Sao Hill, na uko katikati ya maziwa mawili yaliyoshuhudia sura ya ajabu katika historia ya meli barani Afrika.

Abiria anayepanda basi kupitia Uyole na Tukuyu hufika Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Anayeelekea upande wa pili, kupitia Tunduma na Sumbawanga, huteremka hadi Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Katika maji hayo mawili Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji waliziingiza meli za chuma vipande vipande, wakaziunganisha ufukweni, kisha wakapigana kwazo.

Meli hizo karibu zote zimetoweka. Njia mojawapo ya kuzirudisha mbele ya macho ya watu ni kuunda meli za mfano, yaani meli ndogo zinazofuata vipimo vya ile ya asili. Kazi hiyo huanza na swali moja gumu: ramani zake zinapatikana wapi?

Swali hili si la Tanzania peke yake. Huko Australia, ambako historia ya ukoloni ilianza kwa meli, mafundi wana bahati moja. Meli ya Endeavour, aliyosafiria James Cook kuanzia mwaka 1768, ilipimwa na kuchorwa katika karakana ya jeshi la majini ya Deptford, Uingereza, kabla ya safari. Michoro hiyo ilihifadhiwa, na zaidi ya miaka 200 baadaye ikawasaidia Waaustralia kuunda nakala kamili ya meli hiyo, iliyoshushwa majini Fremantle mwaka 1993.

Meli za maziwa yetu nazo zilichorwa kabla ya kuundwa. Tofauti ni kwamba michoro yake ilibaki Ulaya, na vitu vilivyokuja Afrika vilikuwa makreti ya chuma.

Meli zenyewe ni zipi?

Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini, ya kwanza kutajwa ni Hermann von Wissmann. Meli hii ndogo ya mvuke, yenye urefu usiofika mita 30, iliundwa Hamburg mwaka 1890. Vipande vyake vilipelekwa kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, vikabebwa na wapagazi kuyazunguka maporomoko ya mto Shire, kisha vikaunganishwa Mpimbi. Mwaka 1893 ikaanza kazi katika Ziwa Nyasa, ikihudumia kituo cha Wajerumani cha Langenburg kilichokuwa ufukweni karibu na Matema. Baadaye makao hayo yalihamishiwa milimani, mahali panapoitwa leo Tukuyu.

Meli hiyo ndiyo iliyokumbwa na moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen ilifika ghafla Sphinxhafen, mahali panapoitwa leo Liuli, ikaifyatulia mizinga Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, aliyekuwa akifahamiana vyema na mwenzake wa Kiingereza, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alichukuliwa mateka.

Ya pili ni Chauncy Maples, meli ya misheni ya UMCA ya Waanglikana. Iliundwa Glasgow, ikavunjwa kuwa vifurushi 3,481, na boila lake la tani 11 likakokotwa kwa magurudumu na mamia ya Wangoni hadi karibu na ziwa. Ilishushwa majini mwaka 1901, ikawa shule, zahanati na kanisa linaloelea, ikitembelea vijiji vya pande zote za Ziwa Nyasa. Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani humo mwaka 1895.

Katika Ziwa Tanganyika palikuwa na Hedwig von Wissmann, iliyoanza kazi mwaka 1900 baada ya vipande vyake kupitishwa Ziwa Nyasa na kubebwa nchi kavu kati ya maziwa hayo mawili. Ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916 na kikosi cha Waingereza kilicholeta boti zake za injini kutoka Uingereza kupitia Cape Town.

Lakini iliyo maarufu kuliko zote ni Graf von Goetzen, ambayo Watanzania wanaifahamu kwa jina la MV Liemba. Iliundwa na kiwanda cha Meyer cha Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika makreti yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Mhandisi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka kiwandani, wakisaidiwa na vibarua wengi wa Kiafrika, waliiunganisha. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe, baada ya Rüter kuzipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Karibu miaka 90 baadaye, Mei 2015, meli hiyo hiyo ilikuwa ikiwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma.

Ramani ya meli ni kitu gani?

Wengi wanaposikia neno ramani ya meli hudhani ni picha moja ya ubavuni. Ukweli ni kwamba picha ya ubavuni peke yake haimwezeshi fundi kuunda chochote, kwa kuwa haimwonyeshi unene wa tumbo la meli wala namna linavyojikunja kuelekea mkuku.

Ramani kamili huwa na michoro mitatu ya umbo. Mmoja huonyesha meli kutoka ubavuni, wa pili huonyesha kutoka juu, na wa tatu huonyesha meli kana kwamba imekatwa vipande kama mkate, kila kipande kikionyesha upana wake. Mchoro huo wa tatu ndio unaomwambia fundi mataruma yakae vipi.

Aidha, upo mchoro wa mpangilio, unaoonyesha vyumba, boila, injini, milingoti, bomba la moshi na boti za kuokolea. Fundi anayetaka kuunda mfano wa kuwekwa kabatini anauhitaji kwa ajili ya sitaha.

Hapa ndipo meli za chuma zinapotofautiana na vyombo vya pwani yetu. Mafundi wa majahazi wa Zanzibar, Lamu na Bagamoyo walirithishana vipimo kwa macho na mikono, bila karatasi. Meli ya kuvunjwa na kuunganishwa tena upande wa pili wa dunia haikuweza kufanywa hivyo. Kila bamba lilipaswa kuwa na namba na kila tundu la ribiti kulingana na mwenzake, kwa hiyo michoro ilikuwa lazima.

Pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni nyumbani. Idara ya Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam inahifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani na yale ya Waingereza. Humo mtafutaji asitegemee zaidi michoro ya kiwandani, bali barua, hesabu za gharama, taarifa za matengenezo na orodha za vifaa. Karatasi za namna hiyo ndizo zinazotaja urefu, upana, uzito na mabadiliko yaliyofanywa katika meli mwaka baada ya mwaka.

Mahali pa pili ni Ujerumani. Nyaraka za wizara ya makoloni ya Kijerumani zimo katika Hifadhi ya Taifa, Bundesarchiv, mjini Berlin, chini ya alama R 1001, na zinaweza kusomwa kwa intaneti. Atafutaye atumie neno la Kijerumani Dampfer, maana yake meli ya mvuke, na ajaribu tahajia zote mbili, Goetzen na Götzen. Ajiandae pia kukutana na mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa.

Picha nazo ni hazina. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina mkusanyiko wa picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani, ambazo zimewekwa katika mtandao. Makumbusho ya meli ya Bremerhaven yanashughulika na historia ya meli za Kijerumani kwa jumla. Kiwanda cha Meyer cha Papenburg hakikufa. Bado kinaunda meli kubwa za abiria, na mji huo unajivunia Liemba kama mtoto wake aliyekwenda mbali.

Kwa meli za Waingereza, Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Bahari huko Greenwich, London, yana moja ya hifadhi kubwa kabisa za michoro ya meli duniani. Chuo Kikuu cha Glasgow kinatunza kumbukumbu za viwanda vingi vya meli vya mto Clyde. Karatasi za misheni ya UMCA zimo katika maktaba ya Bodleian, Chuo Kikuu cha Oxford.

Barua ya maombi huzaa matunda ikiwa ni fupi na mahususi. Iandikwe jina la meli, mwaka, kiwanda, ziwa na kinachotakiwa: mchoro wa umbo, mchoro wa mpangilio au picha. Hifadhi nyingi hutoza malipo ya kunakili, hivyo ni busara kuuliza gharama kabla ya kuagiza, na kuuliza masharti ya matumizi ikiwa mfano utauzwa au mchoro utachapishwa.

Mahali pa tatu husahaulika, nako ni kwenye meli yenyewe. Liemba ni mali ya umma chini ya kampuni ya serikali ya huduma za meli yenye makao makuu Mwanza. Kila meli inayofanyiwa ukarabati mkubwa hupimwa na kuchorwa upya. Vivyo hivyo, meli mpya za Ziwa Nyasa, MV Ruvuma, MV Njombe na MV Mbeya II, ziliundwa na kampuni ya Kitanzania ya Songoro Marine. Fundi asiyepata ramani ya miaka 100 iliyopita anaweza kujifunzia kazi kwa meli ambayo mabaharia wake anaweza kuzungumza nao.

Kipimo na mitego yake

Ramani ikishapatikana, linafuata suala la kipimo. Liemba ina urefu wa takriban mita 71 na upana wa takriban mita 10. Kwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja kwa kila mita moja, mfano wake utakuwa na urefu wa sentimita 71 na upana wa sentimita 10. Huo unatosha juu ya kabati. Kwa 1:50 utafika sentimita 142, na utahitaji meza yake wenyewe.

Meli ndogo kama Hermann von Wissmann hufaa zaidi kwa 1:50, kwa kuwa kwa 1:100 haitafika sentimita 30, na vitu kama reli za sitaha vitakuwa vyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Mtego wa kwanza ni vipimo vya Kiingereza. Wajerumani walichora kwa mita, lakini Waingereza walichora kwa futi na inchi. Robo inchi kwa kila futi ni kipimo cha 1:48, si 1:50. Chauncy Maples yenye futi 126, sawa na mita 38 na ushee, kwa 1:48 itakuwa na sentimita 80. Fundi akichanganya mchoro wa 1:48 na vifaa vya 1:50, milango na mabaharia havitalingana na meli.

Mtego wa pili ni mashine ya kutolea nakala. Karatasi iliyokuzwa au kupunguzwa kidogo haina tena kipimo kilichoandikwa juu yake. Dawa yake ni kutoamini maandishi, bali kupima kwa rula mstari wa kipimo uliochorwa pembeni, au urefu wa meli wenyewe, kisha kupiga hesabu upya.

Mtego wa tatu ni mkubwa zaidi, nao ni wakati. Goetzen ya mwaka 1915 si Liemba ya leo. Mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915, ulikaa juu ya Goetzen kwa muda tu. Ulipoondolewa, Wajerumani waliweka mzinga bandia wa mbao ili kumtisha adui. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli, na mwaka 1993 meli ilikarabatiwa tena. Anayeunda mfano wenye mzinga na vyumba vya leo kwa pamoja anaunda meli ambayo haikuwahi kuwapo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika msumeno, fundi hana budi kuchagua mwaka mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Ramani isipopatikana

Kukosa michoro kamili si mwisho wa safari. Picha iliyopigwa ubavuni, pamoja na urefu unaojulikana, huweza kutoa vipimo vingi. Ikiwa meli ya mita 71 ina urefu wa milimita 142 kwenye picha, kila milimita mbili ni mita moja. Bomba la moshi lenye milimita 16 katika picha hiyo litakuwa na mita 8. Sharti ni picha iwe imepigwa kutoka mbali na kutoka ubavuni kabisa. Iliyopigwa kwa pembeni hudanganya.

Umbo la chini ya maji ndilo gumu kulipata kwa picha. Hapo fundi hutazama picha za meli ikiwa nchi kavu, au hufuata meli ya ukubwa, kazi na miaka hiyo hiyo. Akifanya hivyo, uungwana unamtaka aandike kwenye kibao cha mfano ni sehemu gani iliyopimwa na ni ipi iliyokadiriwa.

Kwa upande wa uundaji, njia iliyo rahisi kwa seremala wa kawaida ni ya matabaka. Mbao za unene wa sentimita moja hukatwa kila moja kwa umbo la meli katika kimo fulani, kisha hupangwa na kugandishwa kwa gundi kama kurasa za kitabu. Kwa kipimo cha 1:100 kila ubao ni mita moja ya kimo. Ngazi zinazobaki pembeni huondolewa kwa randa na msasa, huku umbo likipimwa kwa vipande vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka ule mchoro wa tatu.

Msindano mkavu, usio na vifundo, unafaa kwa kazi hiyo. Mbao mbichi haifai, kwani itapinda au kupasuka baada ya rangi kupakwa.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Yupo atakayeuliza kwa nini Mtanzania ajishughulishe na meli za waliomtawala. Swali hilo ni la haki. Wissmann ndiye aliyeongoza vita vya kuvunja upinzani wa pwani, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Graf von Götzen alikuwa gavana wakati Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipozimwa kwa risasi na njaa. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000. Majina hayo yaliandikwa ubavuni mwa meli ili yaonekane na kila kijiji cha ufukweni.

Kwa hiyo jina ambalo fundi ataliandika kwenye mfano wake si pambo. Goetzen ni mwaka 1915. Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa, ni mwaka 1927 na kuendelea. Vyote viwili ni kweli, lakini havielezi jambo moja.

Ramani zenyewe nazo zina pengo. Zinaonyesha kila ribiti, lakini hazionyeshi hata bega moja lililobeba bamba kuyapita maporomoko ya Shire. Majina ya wahandisi watatu wa Papenburg yanajulikana. Ya vibarua waliofanya kazi Kigoma hayamo katika mchoro wowote. Mfano uliowekwa darasani pamoja na maelezo ya namna meli ilivyofika ziwani unaweza kuziba pengo ambalo karatasi ya kiwandani haikukusudia kuliziba.

Zaidi ya hayo, upo ushahidi kutoka pwani yetu kwamba meli ya mfano yaweza kuishi kuliko meli. Mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulitoweka katika karne ya 20 bila kuacha ramani. Watafiti walipotaka kuelewa ulivyoundwa, walitegemea picha, maandishi ya wasafiri na mitepe midogo ya mfano iliyohifadhiwa katika makumbusho. Nakala kubwa iliyoitwa Shungwaya iliundwa Zanzibar mwaka 2003 na kuwekwa Beit el-Ajaib. Jengo hilo nalo liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020.

Mafundi waliochonga mitepe ile midogo hawakujua kwamba kazi yao ingegeuka kuwa ramani. Hii ndiyo sababu ya kumtaka seremala anayeanza leo ahifadhi pia karatasi zake: nakala ya mchoro alioutumia, hesabu za kipimo, mwaka alioufuata na orodha ya alivyokadiria. Bahasha moja iliyobandikwa chini ya kitako cha meli inatosha, na haigharimu zaidi ya muda wa kuiandika.